Niliyowasimulia Wageni wa Gitaza

Odeta alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa darasani Bujumbura nikiwafundisha vijana namna ya kumpokea mgeni. Aliniambia mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa, kwamba walinitafuta kwa namba yangu ya zamani wakanikosa, na kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuganduka, ya kumaliza matanga. "Dada Yudita, uje," akasema. "Na utasema neno. Weye ulikaa kwetu mwaka muzima, na unajua kusema mbele ya watu." Nilimjibu kwamba nitakuja. Nikarudi darasani, nikashindwa kukumbuka nilikuwa nimefikia wapi, nikawaruhusu wanafunzi waende kunywa chai.

Jumamosi nilisimama chini ya turubai mbele ya nyumba yao ya Gitaza, kando ya ziwa, nikasema neno. Nilisema jinsi Mama Odeta alivyopika mboga ya lengalenga kwa mawese mpaka mtu akasahau kwamba hamna nyama. Nilisema jinsi alivyonipokea nikiwa sina ndugu kwenye ufuko ule, akanipa nusu ya kitanda cha binti yake. Watu waliitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja alijifuta macho. Sikusema uongo hata mmoja, na nilipokaa chini nilijua kwamba nilikuwa nimefanya tena kile ninachokijua vizuri kuliko kazi nyingine yoyote: kuchukua maisha ya mwanamke yule, kukata kipande kinachopendeza, na kuwapa watu wakifurahie. Haya ninayoyaandika sasa ni yale niliyoyaruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania miezi michache tu nyuma, Kirundi changu kikichechemea, Kifaransa sina, lakini nilikuwa na Kiingereza cha shule na Kiswahili ambacho watu wa Gitaza walikicheka kwa kuwa, walisema, kinafanana na cha redio. Bwana Gaspard alinichukua kwa sababu ya Kiingereza hicho. Nyumba yake ya wageni ilikuwa na vyumba sita na payoti moja, kibanda cha wazi cha kuezekwa majani, mbele ya ziwa, kando ya barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Vita vilikuwa vimekwisha, na watu wa mashirika waliokuwa wamejifungia mjini walianza kushuka siku za mapumziko kutafuta hewa na samaki wa kuchoma. Bwana Gaspard aliamini kwamba hao ni mwanzo tu. Alikuwa amefanya kazi ya ofisi miaka mingi, na alipanga maneno yake kama anaandika ripoti. "Majirani zetu wana simba na tembo," alikuwa anatuambia asubuhi, mpishi na mfua nguo na mimi tukiwa tumesimama mbele yake. "Sisi tuko na ziwa na watu. Basi tutawaonyesha watu." Wakati ule niliona ni maneno ya busara. Niliyaandika hata kwenye daftari.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni. Programu, kama alivyoiita, ilianzia kwenye payoti, ikapita pale mafundi wanapounda mitumbwi, ikafika kwenye vichanja vya kukaushia ndagala, dagaa wa ziwa lile, ikarudi kwa njia ya barabarani ambako wanawake wanauza mawese na ndizi, na kuishia mezani kwenye samaki wa mukeke wa kuchoma. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa aibu. Wageni walifika kwenye vichanja wakaziba pua. Niliwaeleza ndagala wanavuliwaje na wanakauka kwa siku ngapi, nao wakatazama saa. Mmoja aliniuliza kama kuna viboko, nikasema wapo lakini si leo, akanuna njia nzima kama aliyedanganywa. Bwana Gaspard aliniita kando. "Samaki mukavu hata kwao iko," alisema. "Utafute kitu kinachoshika moyo, Yudita. Mugeni asiporudi na kitu moyoni, hatarudi kabisa."

Kwa kuwa hakuwa na pa kuwalaza wafanyakazi, alikuwa amenipeleka kukaa kwa Mama Odeta, mwanamke wa makamo ambaye vichanja vyake vilikuwa karibu kabisa na maji. Alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Kongo, alivuka wakati wa vita vya huko, akaolewa Gitaza na Melkiori, fundi wa mitumbwi. Walikuwa na mtoto mmoja, Odeta, wa miaka tisa, ambaye ndiye niliyelala naye. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, kidogo, na nusu yake ilijaa magunia ya ndagala, kiasi kwamba nguo zangu, nywele zangu na hata karatasi za daftari langu zilinuka samaki. Nilikuwa naona haya mbele ya wageni. Lakini nilikuwa sijawahi kula vizuri kama nilivyokula pale. Tulikula wote kwenye sahani moja kubwa ya bati, ugali wa muhogo mweupe katikati na mboga pembeni, na Mama Odeta alikuwa akisukuma vipande vya samaki upande wangu kwa kidole bila kunitazama, huku akizungumza na mume wake juu ya misumari. Melkiori alikuwa mtu wa maneno machache. Wakizungumza, mimi nilikuwa nasikiliza Kiswahili chao, chenye Kirundi na maneno ya Kongo ndani yake, na nilijisikia niko nyumbani kuliko nilivyojisikia kwenye kiwanja tulichorudishiwa.

Siku moja mvua ilikuja ghafla, mchana. Odeta alikuwa shuleni, na Melkiori alikuwa amepanda milimani hadi Bugarama kutafuta mbao. Tulikimbia sisi wawili kukusanya ndagala, tukawaingiza ndani, tukaketi juu ya magunia chumbani kwangu, tumelowa, mvua ikipiga bati mpaka ikabidi tusogeleane ili tusikilizane. Nilimuuliza kitu kidogo tu, kama ana hamu ya kwao. Akasema, "Watu wananiita Mama Odeta. Lakini Odeta si wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa mvulana, Byamungu, wa miaka miwili. Siku alipokimbia yeye na kaka yake, mtoto alikuwa na surua, mwili mzima umejaa vipele, na mwenye boti alikataa kumpakia kwa sababu ya watoto wengine waliokuwamo. Shangazi mzee wa Mama Odeta, aliyeuza chumvi kwenye soko la Baraka, alimchukua mtoto mikononi, akasema, "Tangulia na kaka yako, sisi tutakuja na boti ya jioni." Boti ya jioni haikuja. Mwaka uliofuata alirudi kutafuta, akakuta nyumba zimechomwa na watu wametawanyika, hakuna aliyejua shangazi alielekea wapi. Melkiori hakuwahi kuambiwa. Mwanzoni aliogopa familia ya mume itasema ni mwanamke anayeacha watoto. Baadaye miaka ilipita, na neno likawa zito kulitoa. "Weye nimekuambia kwa sababu weye pia ulikulia pahali si pako," alisema. "Unajua namna mutu anabaki upande mwingine." Mvua ilipoacha, tulitoka kuwatandaza ndagala tena. Hakulitaja tena jambo lile, na mimi sikuuliza.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nafikiri ile Jumapili ya kwanza. Ningependa kusema kwamba neno lilinitoka kwa bahati mbaya. Walikuwa wageni wanne, wawili wanapiga miayo, mmoja anapangusa mchanga kwenye viatu, na Bwana Gaspard alikuwa ametufuata kwa mbali kuona kazi yangu. Nikasimama hatua kumi kutoka kwenye vichanja, nikashusha sauti, nikasema kwa Kiingereza: mnamwona yule mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Nikawasimulia. Kamera zilishuka. Yule aliyepangusa viatu aliacha mguu mmoja hewani. Mama Odeta alikuwa ameinama juu ya ndagala wake, akasikia tumenyamaza, akainua kichwa, akatupungia mkono na kutabasamu. Mgeni mmoja alianza kulia pale pale. Nami nilichohisi, na hili ndilo gumu kuliko yote kuliandika, ilikuwa furaha. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wananisikiliza.

Baada ya hapo nilisimulia kila juma. Nilikuwa natengeneza hadithi kama mtu anayeonja mchuzi, naongeza hiki, napunguza kile. Nilitia mwezi juu ya ziwa. Nilisema mtoto alikuwa amelala, na mama alimbusu kwenye paji la uso ili asimwamshe. Niliacha surua, kwa kuwa wageni walianza kuuliza habari za chanjo na machozi yakakauka. Kwenye kitabu cha wageni pale payoti watu waliandika juu ya mama wa Gitaza kuliko walivyoandika juu ya ziwa. Bwana Gaspard alinipa chai kwenye meza yake mwenyewe. Wengine walirudi na rafiki zao, wakamletea Mama Odeta vitenge, sabuni, viatu vya Odeta, nao wakimshika mikono kwa muda mrefu kupita kawaida. Yeye alinishukuru mimi. "Wageni wako wana roho nzuri," aliniambia tukila. "Murakoze, mwanangu. Hata sijui wananipendea nini." Nilimeza tonge. Ndiyo, tonge lilishuka. Siwezi kusema lilinikwama.

Ilikwisha siku ya Jumamosi, kama saa nne asubuhi. Kundi lilikuwa la watu saba, na mmoja wao alikuwa mama Mkenya, mnene, mpole, aliyeniambia alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Tulizungumza Kiingereza njia nzima kwa ajili ya wengine. Nilisimulia kama kawaida. Nilipomaliza, badala ya kubaki na kundi, mama yule alitembea moja kwa moja mpaka kwenye vichanja. Sikumzuia, kwa sababu wengi walikuwa wakienda kumsalimia. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu hakuhitaji mkalimani.

Alimshika Mama Odeta mikono miwili. "Mama, pole sana," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Pole kwa mtoto wako uliyemwacha ng'ambo. Mungu anajua alipo."

Wanawake wengine wawili walikuwa pale, wanageuza ndagala. Hatua chache nyuma yao Melkiori alikuwa amepiga magoti kando ya mtumbwi, anaziba nyufa. Aliacha kugonga. "Mutoto gani?" akauliza.

Mama Odeta hakumtazama mume wake. Alinitazama mimi, kwa muda mfupi sana, kama mtu anayehakikisha jambo. Kisha akaitoa mikono yake kwenye mikono ya yule mama, taratibu, bila kumkosea adabu. "Umenifananisha," alisema. "Miye sina mutoto ng'ambo. Mutoto wangu ni Odeta."

"Lakini huyu binti amesema ni wewe," mama Mkenya akanigeukia. "Si umesema ni huyu wa kitambaa cha kijani?"

Nami nilisema, "Hapana, mama. Ulinisikia vibaya. Ni mwanamke mwingine, wa Rumonge."

Yule mama alitutazama sote wawili. Nadhani alielewa, kwa sababu uso wake ulibadilika, akasema, "Basi nisameheni, nimezeeka, masikio yangu," akarudi kwenye kundi. Melkiori aliinama tena juu ya mtumbwi wake. Ilichukua muda kabla nyundo haijasikika.

Jioni hiyo Mama Odeta alinipakulia chakula changu peke yake, kwenye sahani ya udongo yenye maua, ile ya wageni. Hakuwa na hasira usoni. Melkiori alikula akimuuliza Odeta mambo ya shule. Nilikula mpaka nikamaliza kwa kuwa niliona kubakiza kutakuwa dharau nyingine. Kesho yake, Melkiori alipokwisha kwenda kazini, Mama Odeta aliingia chumbani kwangu, akaketi juu ya gunia. "Uliwaambia nini?" alisema. "Sema yote, vile ulikuwa unawaambia."

Nikamsimulia hadithi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipotoka kwa Kiswahili nilisikia jinsi ilivyokuwa. Nilitaja mwezi. Nilitaja busu. Nilitaja mtoto aliyelala.

"Mwezi haukuwako," alisema. "Ilikuwa saa sita ya muchana." Alivuta uzi uliokuwa umetoka kwenye gunia. "Na hakulala. Alikuwa ananiangalia. Boti ilipoondoka alikuwa bado ananiangalia." Baadaye akasema, "Jana nimemukataa mbele ya watu. Miaka yote sikumusema, lakini sikuwa nimemukataa." Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono. "Sasa umejua vizuri. Usiseme tena." Akatoka kwenda kwenye vichanja.

Niliondoka mwisho wa mwezi ule. Nilipata kazi kwenye hoteli kubwa zaidi, Rumonge. Ningependa kuandika kwamba sikusimulia tena. Nilikaa karibu nusu mwaka bila kusimulia. Kisha lilikuja kundi la watu wa kampuni za safari, watu ambao neno lao lingeweza kunipeleka mbali, na kwenye chakula cha mchana waliniomba niwaambie kitu juu ya watu wa ziwa. Nikawaambia. Sikutaja Gitaza, sikutaja kitambaa cha kijani. Mwezi niliuondoa, kwa kuwa sasa nilijua. Niliweka mchana, na mtoto aliye macho, anayemwangalia mama yake mpaka boti inapotea. Hakuna aliyegusa chakula. Ile sehemu ya macho ndiyo iliyowaliza. Mmoja wao ndiye aliyenitafutia nafasi ya mafunzo Nairobi, na kutoka Nairobi nilirudi nikawa mwalimu wa watembezaji, na nyumba ninayokaa leo imetoka huko. Wanafunzi wangu nawaambia wasisimulie jambo la mtu bila ruhusa yake. Wanaandika kwenye daftari, kama mimi nilivyokuwa nikiandika.

Miaka iliyofuata nilipita Gitaza mara nyingi ndani ya gari. Nilisimama mara tatu tu. Mama Odeta alinipokea kila mara, akanipa kiti na soda, akaniuliza habari za kazi. Hakuniita tena mwanangu. Aliniita Madamu.

Sasa nirudi kwenye ile Jumamosi ya kuganduka. Watu walipoanza kutawanyika, Melkiori alinigusa begani. Amekuwa mzee, mgongo umepinda kwa kuinama juu ya mbao. Aliniingiza kwenye chumba kile cha nyuma, ambacho siku hizi hakina magunia, kina kitanda na vyombo vyake vya kazi, akanionyesha kiti, yeye akaketi kitandani. Nje Odeta alikuwa akiwagawia wanawake chakula cha kubeba.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema. "Yule mama wa Kenya. Alikuwa anasema kweli?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo tena, na naona aibu kwamba niliifikiria. "Ndiyo, baba," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kwa utulivu, kama mtu aliyethibitishiwa kipimo. "Nilijua siku ile ile. Mutu akifananishwa, anacheka ama anakasirika. Yeye hakucheka, hakukasirika. Nikasema, iko kitu."

"Mbona hukumuuliza?"

"Alikuwa amekwisha kukataa mbele ya watu. Ningemuuliza, ningekuwa namufanya akatae mara ya pili." Alikunja mikono yake juu ya magoti. "Nikasema, nitamutafuta mutoto kwanza. Nikimupata nitamuleta hapa mulangoni, basi, hakuna atakayelazimika kusema kitu. Nilivuka mara mbili. Yeye nilimwambia naenda kununua mbao. Nilifika Baraka, nikafika na vijiji vya huko chini. Niliuliza sokoni, niliuliza kwa wachungaji. Hakuna aliyejua."

Sokoni. Alikuwa amesimama kwenye soko lile lile ambako shangazi aliuza chumvi, na kulikuwa na watu Nairobi, na watu wa nchi nisizowahi kuziona, waliojua habari ya boti na ya mwanamke mzee, na yeye hakuwa na chochote mkononi zaidi ya neno moja alilolisikia akiwa amepiga magoti. Niliongea haraka, kama anayetaka kuwahi. Nilimwambia habari ya mwenye boti, ya shangazi, ya boti ya jioni. Nilimwambia kwamba aliitwa Byamungu.

"Byamungu," alisema. Akafikiri. "Alikuwa mwanaume?"

"Mvulana, baba. Wa miaka miwili."

Nje nilisikia sauti ya Odeta akimuaga mtu wa mwisho. Kisha mzee alijipangusa uso kwa kiganja, kutoka juu mpaka chini, polepole.

"Yule mama alisema mutoto," alisema. "Alisema mutoto tu. Na mimi nilikuwa namuona mama yenu akimusuka Odeta nywele, mikono inasimama katikati ya kichwa, anasahau kuendelea. Nikajiambia, basi alikuwa na binti." Alinitazama bila lawama yoyote, na nilitamani ingekuwepo. "Mara zote mbili," alisema, "niliulizia musichana."